Birika la Ubatizo la Bridekirk

Katika makanisa ya kale ya Uingereza, karibu na mlango, aghalabu husimama birika kubwa la jiwe. Hilo ndilo birika la ubatizo. Zamani watoto wachanga walichovywa ndani ya maji yake, na kwa hiyo lilichongwa pana na lenye kina. Liliwekwa karibu na mlango kwa sababu ubatizo ndio mlango wa kuingilia katika Kanisa. Mwaka 1236 Edmund, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliamuru mabirika yafungwe kwa kufuli, ili watu wasiyachukue maji yaliyobarikiwa na kuyatumia kwa uchawi.

Mabirika ya namna hii ni mengi, lakini majina ya mafundi waliochonga yale ya kale karibu yote yamesahauliwa. Hata hivyo liko moja ambalo fundi wake anajulikana, maana jiwe lenyewe lamtaja.

Birika hilo limo katika kanisa la Bridekirk, kijiji kidogo cha Cumbria, upande wa kaskazini-magharibi wa Uingereza, yapata maili mbili kutoka mji wa Cockermouth. Lilichongwa katika karne ya 12. Lina pande nne, na kila upande umejaa nakshi. Mahali pamoja Yohana anambatiza Bwana Yesu, na njiwa yu juu. Mahali pengine Adamu na Hawa wanafukuzwa katika bustani. Kwingine wamo wanyama wa ajabu, na mashina ya mimea yaliyosokotana. Siku zile watu wengi wa vijijini hawakujua kusoma. Picha hizi zilikuwa kitabu chao.

Upande mmoja pana utepe uliochongwa, nao una maandishi. Chini yake, katikati ya majani, yuko mtu mdogo ameshika nyundo na tindo, anachonga. Huyo ndiye fundi mwenyewe, amejichora akiwa kazini.

Maandishi yale si ya herufi tuzijuazo. Ni herufi za watu wa kaskazini ya Ulaya, ziitwazo runi. Kwa asili runi ni mistari iliyonyoka, maana zilikusudiwa kukatwa katika mti au jiwe, wala si kuandikwa kwa wino. Watu wa asili ya Norway walihamia sehemu zile katika karne ya 10, na elimu ya runi ikabaki kwa wajukuu wao. Lakini lugha ya maandishi haya ni Kiingereza cha zama za kati, na ndani yake zimechanganywa herufi chache za vitabuni.

Miaka ikapita, na watu wakasahau kuzisoma. Karibu na mwaka 1600 mtaalamu William Camden, aliyeandika kitabu kikubwa cha habari za Uingereza, alizinakili herufi zile, akakiri kwamba hajui maana yake, akawaachia wenye elimu wazifumbue. Mwaka 1685 William Nicolson, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Carlisle, alitambua kuwa ni runi, akajaribu kuzisoma. Lakini maneno aliyagawanya visivyo. Herufi ya kwanza ya jina la fundi aliitenga na zile zilizofuata, akadhani ni neno lenye maana ya “hapa.” Basi akafasiri kwamba hapa mtu mmoja aitwaye Ekard aliongoka, na kwa mfano wake watu wa Denmark wakaletwa katika imani. Ilikuwa habari njema, lakini haikuwamo katika jiwe. Hivyo fundi alinyang'anywa kazi yake, na sifa akapewa mtu asiyekuwapo.

Katika karne ya 19 wataalamu wengine waliyachunguza tena maandishi, herufi kwa herufi, wakapata maana yake ya kweli. Birika lasema kama mtu asemavyo: Rikarth ndiye aliyenitengeneza, na kwa uangalifu alinifikisha katika uzuri huu. Ndipo Rikarth alipopata tena haki yake.

Si ajabu ndogo kwamba jiwe hili limesalia. Mwaka 1645 kitabu kipya cha ibada kilichokubaliwa na Bunge la Uingereza kilikataza watu wasibatizie watoto mahali palipowekwa mabirika ya zamani. Wakati wa fitina zile mabirika mengi yalivunjwa au kutupwa nje, na mengine yakawa vyombo vya kunyweshea ng'ombe. Birika la Bridekirk liliokoka. Hata kanisa la kale lilipoachwa, na jipya likajengwa mwaka 1868 hadi 1870, birika lilihamishwa likawekwa ndani ya kanisa jipya, na huko liko hata leo.

Habari za maisha ya Rikarth hazikuandikwa. Yaliyobaki ni nyundo yake, tindo yake, na maneno machache. Na hayo nusura yapotee kwa kusomwa vibaya. Wahenga walisema, “Ukiona vyaelea, vimeundwa.” Kila kitu kizuri kina mikono iliyokifanya, nayo yastahili kutajwa kwa haki. Na asomaye maneno ya mwenziwe na aangalie vema yaliyoandikwa, asije akamnyima mtu jina lake.