KUONDOA MATONE YA RANGI KATIKA VIOO NA MBAO ZA MADIRISHA

Likizo iliyopita, siku chache kabla ya Idi, nyumba ya Bibi yangu iliyomo Mji Mkongwe ilipakwa chokaa kuta zake, na milango ikapakwa rangi ya mafuta. Mafundi walipokwenda zao, vioo vilikuwa vimejaa matone. Mimi, kwa kutaka kumfurahisha Bibi, nilitwaa kipande cha msasa, nikapanda ngazi mpaka kwenye dirisha la upinde lililo juu ya mlango, lenye vioo vyekundu na vya buluu, nikasugua kwa nguvu zangu zote. Matone yalitoka, lakini kioo kimoja chekundu kilijaa mikwaruzo. Bibi hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, kioo hicho nilikikuta nilipoletwa hapa bi harusi." Niliona haya kuliko kama ningalipigwa.

Tangu hapo nimewauliza mafundi wawili watatu, na mwalimu wetu wa kemia pia; na kwa kuwa muhula huu dakhalia yetu nayo imepakwa rangi, na usafi wa madirisha tumeachiwa sisi wanafunzi, naona yafaa niwaeleze wenzangu niliyoyapata.

Kwanza ujue tone lile ni la nini, maana dawa ya hili siyo dawa ya lile. Chokaa mbichi hutoka kwa kitambaa cha maji. Ikishakauka huwa imevuta kaboni dioksidi ya hewani na kugeuka jiwe, jamaa ya yale mawe ya matumbawe tuliyojengea mji wetu. Hapo maji matupu hayafui dafu. Chovya kitambaa katika siki au maji ya ndimu, ukibandike juu ya tone kwa dakika chache, nawe utaona povu dogo: ni asidi inayoliyeyusha jiwe. Walakini asidi haichagui. Ikichuruzika mpaka ukutani italila lipu la chokaa vilevile, na ukuta wenyewe ni matumbawe! Basi kamua kitambaa vizuri, uweke kingine kikavu chini yake, kisha uoshe kioo kwa maji.

Kwa rangi ya mafuta siki haina kazi. Hii hulainishwa kwa mafuta ya taa au thina, kidogo tu katika kitambaa, mbali na moto, madirisha yakiwa wazi. Kisha paka kioo maji ya sabuni, utwae wembe mpya, uulaze karibu na kioo na kuusukuma mbele tu, bila ya kuurudisha nyuma. Kioo kikikauka, tia maji tena, kwani chembe za mchanga zikinaswa chini ya wembe ndizo zinazokwaruza. Fanya kazi hii asubuhi, kabla jua halijapiga dirishani na kukausha sabuni.

Vioo vya rangi usivitie wembe hata kidogo. Baadhi ya vile vya zamani rangi yake ni utando mwembamba wa upande mmoja tu, na ukishakwanguka haurudi. Wapo wanaokumbuka jengo la Dispensari Kongwe lililo mbele ya bahari, lililokamilika mwaka 1894 na kutengenezwa upya miaka ya 1990. Vioo vyake vya rangi ni sehemu ya uzuri wake, na dukani huvipati.

Pembeni mwa fremu, kata kwanza kwa ncha ya kisu, ukiacha ukanda wa rangi wa milimita 2 hivi juu ya kioo. Sisi hukwangua mpaka kwenye ubao tukidhani ndio usafi, kumbe ukanda ule huzuia mvua za masika zisipenye na kuuozesha ubao.

Ubao wa msaji usiopakwa rangi futa kwa mafuta ya taa, kwa kufuata nyuzi zake, na palipogoma tumia kijiti cha mwanzi. Msasa mkavu juu ya rangi kuukuu ni hatari: rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Vioo vya dakhalia ni vyeupe, na kikiharibika kimoja hununuliwa kingine. Kile cha Bibi kingali pale juu ya mlango, na jua la asubuhi likikipiga, mikwaruzo yangu huonekana hata kwa aliyekaa ukumbini.