Malipo ya pamba Simiyu: gharama imejificha kwenye viungo vya mifumo

BARIADI. Msimu wa ununuzi wa pamba hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei, na tangu hapo swali kubwa katika mkoa wa Simiyu, unaoongoza kwa zao hilo nchini Tanzania, huwa moja: pesa imeingia? Pamba mbegu hupimwa kwenye chama cha msingi cha ushirika, AMCOS. Karani hutoa stakabadhi, mnunuzi hutoa fedha, makato ya pembejeo huondolewa, na kinachobaki humfikia mkulima benki au kwenye simu.

Safari hiyo ikifanywa kidijiti kutoka mzani hadi simu, hupita kwenye programu nne: ya chama, ya mnunuzi, ya benki na ya kampuni ya simu. Kila moja ina wajenzi wake na namna yake ya kupanga taarifa. Anayeandaa bajeti huziona programu hizo. Viungo vya kati yake huvisahau. Mifumo minne ikiunganishwa moja kwa moja, kila mmoja na mwenzake, huhitaji viungo 6. Ikifika 10, viungo ni 45, na kila kimoja kinataka fundi wa kukitunza.

Sekta ya fedha ilishaionja adha hiyo. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilianza kuruhusu wateja wao kutumiana pesa kwa makubaliano ya kampuni na kampuni. Vodacom ikaingia 2016. Baadaye Benki Kuu ilijenga TIPS, kituo kimoja ambacho benki na kampuni za simu hujiunga nacho mara moja na kuwafikia wengine wote. Serikali nayo ilianzisha GePG mwaka 2017 kwa malipo ya umma, na Mamlaka ya Serikali Mtandao ikajenga GovESB ili taasisi zibadilishane taarifa kupitia njia moja.

Kampuni binafsi inayotaka unafuu kama huo hutumia vitu viwili. Cha kwanza ni foleni ya ujumbe: programu inayopokea ujumbe, kuuhifadhi na kuukabidhi mlengwa akiwa tayari. Cha pili ni adapta, kipande cha programu kinachokaa kati ya mfumo wa kampuni na foleni. Adapta husoma rekodi ya manunuzi, huigeuza iwe katika muundo ambao upande wa pili unauelewa, huiweka kwenye foleni, na hujaribu tena ikishindikana.

Faida yake huonekana umeme au mtandao unapokatika. Mifumo iliyounganishwa moja kwa moja hulazimika kuwa hewani yote kwa wakati mmoja. Mmoja ukizima, kazi imesimama. Penye foleni, karani huendelea kupima, rekodi zikasubiri hadi benki irudi hewani.

Hata hivyo, foleni ina hatari zake. Foleni nyingi huahidi kuufikisha ujumbe angalau mara moja, maana yake unaweza kufika mara mbili. Mfumo usiokagua namba ya stakabadhi kabla ya kulipa utamlipa mkulima mmoja mara mbili, na hasara itaonekana wakati wa kufunga hesabu. Upo pia ujumbe usiosomeka, kwa mfano wenye namba ya simu iliyokosa tarakimu. Huo hutengwa kwenye foleni ya pembeni, na asipokuwepo wa kuikagua kila siku, mkulima ataambiwa pesa imetumwa ilhali haijaondoka.

Sokoni chaguo ni pana. IBM imekuwa ikiuza programu yake ya foleni, ambayo sasa inaitwa IBM MQ, tangu 1993, na benki nyingi duniani huitegemea. RabbitMQ na Apache Kafka ni programu huria, hazina ada ya leseni. Kwa upande wa adapta, Apache Camel nayo ni huria na ina viunganishi zaidi ya 300. Lakini anayekwepa ada ya leseni hulipa kwa njia nyingine: mshahara wa mtaalamu atakayepokea simu usiku wa msimu. Kwa mnunuzi mdogo, kukodi huduma kwa msimu huweza kuwa nafuu kuliko kuajiri.

Sheria nayo inahusika. Ujumbe wa malipo hubeba jina, namba ya simu na kiasi, na foleni huuhifadhi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayehifadhi taarifa hizo azilinde na asizishikilie kupita mahitaji.

Kwa hiyo AMCOS na wanunuzi wanapojadili mkataba wa mfumo, bei ya programu isiwe mwisho wa mazungumzo. Mkataba useme nani anaikagua foleni ya pembeni, ndani ya saa ngapi, na nani anafidia malipo yaliyokwama. Usiposema, atakayebeba gharama ni mkulima, ambaye kiungo hicho hakijui wala hakukichagua.