Jiwe la msingi linasema mwaka gani? Kusoma namba za Kirumi

Katika parokia moja tunayoifahamu, barua za mwaliko wa jubile ya miaka 60 zilikuwa tayari, mpaka mzee mmoja wa kanisa aliposimama mbele ya jiwe la msingi na kuuliza: huu ni mwaka gani kweli? Jiwe liliandikwa MCMLXIV. Kamati ilikuwa imesoma 1966. Kumbe miaka 60 ilikuwa imekwisha kupita, na hakuna aliyeona.

Warumi walihesabu kwa herufi saba: I ni 1, V ni 5, X ni 10, L ni 50, C ni 100, D ni 500, na M ni 1000. Sifuri hawakuwa nayo. Tunasoma kutoka kushoto kwenda kuume. Herufi ndogo ikifuata kubwa, tunajumlisha: VI ni 6, LX ni 60. Ikitangulia kubwa, tunaitoa: IV ni 4, XL ni 40, CM ni 900. Makosa mengi huzaliwa hapo, kama kamati ile ilivyosoma IV kana kwamba ni VI.

Tena, si kila herufi inaweza kutangulia. I hutolewa katika V na X tu. X katika L na C. C katika D na M. Kwa hiyo 99 haiandikwi IC, ni XCIX.

Dawa ni kukata namba vipande kabla ya kujumlisha. Chukua kalamu: M, CM, LX, IV. Yaani 1000, 900, 60 na 4. Ni 1964.

Ukitaka kuandika, fanya kinyume: anza na maelfu, kisha mamia, makumi, na mamoja. Mwaka 1517, Luther alipotoa hoja zake 95, ni M, D, X, VII: MDXVII. Mwaka wa uhuru wetu, 1960, ni MCMLX. Penye sifuri hatuandiki kitu.

Vijana wetu wanakutana na namba hizi katika vitabu vya shule. Hapo tuwasaidie: karne ya XIX ni miaka 1801 hadi 1900, si ile inayoanza na 19. Katika Biblia za zamani, Zaburi CXIX ni ile ndefu, ya 119. Na usishangae ukiona IIII kwenye saa ya ukutani badala ya IV. Watengeneza saa wamezoea hivyo tangu zamani.

Neno moja kwa wanaotunza majengo: fundi akija kupaka rangi upya herufi za jiwe, mpeni mwaka ulioandikwa kwenye karatasi kwa namba zote mbili, na mmoja wenu asimame karibu naye mpaka amalize.