Zege, Mlipuko na Upande wa Ndani wa Ukuta

Yawezekana kombora lisitoboe ukuta wa ngome, na bado askari aliyejikinga nyuma yake akajeruhiwa na vipande vya ukuta huohuo. Wako wanaolisimulia jambo hili kana kwamba ni uchawi. Sisi twasema ni tabia ya zege, na yampasa kila askari, wa jeshi na wa polisi, aijue.

Zege lina nguvu nyingi likigandamizwa, na nguvu haba likivutwa. Lile linalohimili mgandamizo wa kilo 300 kwa kila sentimita ya mraba huachana likivutwa kwa kilo 30 hivi. Ndiyo sababu mafundi hulitia nondo.

Hata hivyo, nguvu hiyo haba hubadilika kwa kadiri ya kasi ya mvuto. Maabara huvuta polepole, kwa dakika moja au mbili, na ufa hupata wasaa wa kuchagua njia nyepesi: huzizunguka kokoto na kufuata penye udhaifu. Mvuto ukija ghafla, wasaa huo haupo. Ufa hulazimika kuzikata kokoto zenyewe, na nyufa nyingi huanza kwa pamoja. Maji yaliyomo katika vitundu vidogo nayo hupinga kuachana kwa haraka, hata zege lenye unyevu likaongezeka nguvu kupita lililo kavu. Kwa kasi ya mlipuko, nguvu ya kuhimili mvuto huweza kufika mara mbili, tatu, au hata zaidi ya mara tano, ingawa wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha ongezeko hilo kinatokana na uzito wa zege lenyewe kukataa kusogezwa ghafla.

Je, mbona basi ukuta humeguka? Mlipuko hutuma ndani ya zege wimbi la mgandamizo, liendalo kilomita 4 hivi kwa sekunde. Ukuta wa sentimita 30 huvukwa kabla haijatimia sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Wimbi likifika upande wa ndani hukuta hewa tupu, hurudi nyuma, na katika kurudi hugeuka kuwa mvuto. Hapo hata nguvu iliyozidi mara tano haitoshi. Tabaka la zege hubanduka na kurushwa chumbani.

Bertram Hopkinson wa Cambridge alilitumia jambo hilo mwaka 1914. Alilipua baruti kwenye ncha moja ya fimbo ya chuma, naye ameweka kipande kifupi kwenye ncha ya pili. Fimbo haikuvunjika, ila kipande kiliruka, naye akakipima mwendo.

Kwa hiyo, askari aliye ndani ya ngome asiegemee ukuta unaoelekea adui, hata uwe mnene namna gani. Bamba la chuma lililofungwa barabara upande wa ndani huzuia vipande visiruke, na nondo zilizosukwa karibu karibu husaidia kuvishika. Nje, kila hatua inayouweka mlipuko mbali na ukuta hulipunguza wimbi. Kupaka rangi na chokaa, kazi tunayoipenda mno kabla ya ukaguzi, hakuzuii lolote.