Mashine mpya imekufa wiki ya kwanza? Anza na ujumbe ulio kwenye simu yako

Ukipita Mugutha siku yoyote ya kazi utaisikia grainda kabla hujaiona. Mtaa unajengwa. Huku ploti inachimbwa msingi, kule nyumba za kupangisha zinafungwa mageti, na fundi wa tiles amekaa kwenye veranda vumbi jeupe limemfika mpaka kwenye kope. Wengi wa mafundi hawa wamejinunulia mashine wenyewe, na wengi wamezilipia kwa simu. Kwa hivyo leo tuzungumzie jambo ambalo halipendezi lakini hutokea: mashine ni mpya, imefanya kazi siku tatu, ya nne imetoa moshi. Sasa?

Chukua mfano wa fundi wa milango na madirisha. Amepokea malipo ya kwanza ya geti, amenunua vyuma, na kwa pesa iliyobaki ameongeza grainda mpya ya inchi nne na nusu kwa sababu ile ya zamani ilishachoka. Mwenye geti ameahidiwa Jumamosi. Alhamisi mchana mashine inamzimikia mkononi. Pesa ya mteja imeshageuka chuma, mashine haipo, na Jumamosi haisogei. Mkono unaenda kwenye bisibisi.

Iache hiyo bisibisi. Swali la kwanza utakaloulizwa dukani, pengine hata kabla salamu haijaisha, ni hili: "Boss, umeifungua?" Ukijibu ndiyo, au skrubu zikionyesha zimekwaruzwa, waranti nyingi zinaishia hapo hapo. Haijalishi kwamba wewe ni fundi mzuri kuliko yule aliyeiunda. Mashine iliyofunguliwa haiwezi kueleza ilikufa kwa kosa la nani.

Unachoweza kufanya bila kuifungua ni kuhakikisha kweli imekufa. Ijaribu kwenye soketi nyingine, bila ekstensheni. Hii ekstensheni ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Waya mwembamba na mrefu hupoteza nguvu ya umeme njiani, mota inapata kidogo kuliko inavyohitaji, inajikaza na kupata joto. Waya ulioachwa umejikunja kwenye gurudumu lake nao huchemka wenyewe. Kama umekuwa ukivuta stima kutoka nyumba ya tatu kwa waya wa redio, tatizo linaweza kuwa waya na si mashine. Kisha soma kile kibati au stika iliyo ubavuni. Kenya tunatumia volti 240. Mashine iliyotoka Marekani, au zile za saiti za Uingereza, inaweza kuwa ya volti 110, na ukiichomeka ukutani moja kwa moja itaungua mara moja. Hiyo si kasoro ya kiwandani, ingawa muuzaji aliyekupa bila kukuambia naye ana maswali ya kujibu.

Cheche nazo huwatisha watu bure. Mashine mpya hutoa cheche ndogo za buluu kupitia matundu ya hewa kwa sababu brashi za kaboni bado hazijakaa sawa. Hizo hupungua. Cheche kubwa zinazozunguka kama duara la moto, harufu ya kuungua isiyokwisha, au mlio unaobadilika ghafla: zima, chomoa, usiijaribu tena "mara moja tu uone". Kila unapoiwasha tena unaongeza uharibifu, na unampa muuzaji nafasi ya kusema umeiua wewe.

Kwa nini mashine mpya ife? Kwa sababu vitu vyenye kasoro ya kiwandani, kwa mfano waya uliobanwa vibaya au beringi iliyokaa upande, hujionyesha mapema vinapopata kazi ya kweli. Ikivuka kipindi hicho, kwa kawaida itakaa muda mrefu hadi ichakae. Hii inamaanisha kwamba siku za kwanza ni za kuijaribu. Mtu anayenunua drili mwezi huu na kuiweka juu ya kabati akingoja kazi ya mwezi wa nane anaitupa ile waranti mwenyewe. Inunue, iwashe dukani mbele ya muuzaji, nenda nayo nyumbani, izungushe dakika chache bila mzigo, kisha ipe kazi wiki hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye simu, maana hapa ndipo sisi tunaona watu wakipoteza haki yao bila kujua. Fungua ule ujumbe wa malipo na usome jina. Ulilipa kwenye till ya duka? Basi ujumbe unaonyesha jina la biashara, kiasi, tarehe, saa na nambari ya muamala. Hakuna anayeweza kukuambia hukununua kwake. Lakini mara nyingi mambo huwa hivi: unafika, kijana wa dukani anasema till ina shida kidogo, "tuma tu kwa hii namba yangu." Ukituma, ujumbe wako unasema ulimtumia fulani pesa. Duka halimo. Wiki ijayo kijana huyo hayuko kazini, na mwenye duka anakuangalia kama mgeni. Mbaya zaidi ni kuambiwa ulipe kupitia nambari ya wakala, kwa sababu ujumbe utasema ulitoa pesa taslimu. Kwenye rekodi, hukununua kitu chochote. Ukiambiwa till haifanyi kazi, uliza kama kuna paybill. Kama hakuna, mwambie akuandikie risiti yenye muhuri wa duka, jina la mashine na nambari yake ya siri ile iliyogongwa kwenye kibati, kisha ulipe.

Hata ukilipa kwa till, ujumbe pekee hausemi ulinunua nini. Elfu sita inaweza kuwa grainda au mifuko ya simiti. Kwa hivyo risiti ya karatasi bado inahitajika, na kwa kuwa wino wa risiti nyingi hufifia, ipige picha siku hiyo hiyo pamoja na kadi ya waranti na kile kibati. Ujumbe wa malipo ukiufuta kwa bahati mbaya usiwe na wasiwasi: taarifa ya akaunti yako inaweza kuombwa, na muamala utakuwepo.

Jambo moja tunalosisitiza: usijaribu kurudisha muamala. Huduma ya kurudisha pesa imewekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea nambari. Wewe hukukosea nambari, ulipewa mashine. Ukidai ulituma kimakosa huku mashine ukiwa nayo, unaanza na haki na kumaliza ukiwa mshtakiwa.

Ukienda dukani, nenda mapema, na uende na vitu vyote: boksi, mpini wa pembeni, spana yake. Nenda asubuhi kama unaweza, duka likiwa halijajaa. "Mkubwa, shikamoo ya asubuhi haitoshi leo, hii mashine nilichukua Jumatatu imezima," ukicheka kidogo, inafungua milango kuliko makelele. Eleza ulikuwa unakata nini. Wakisema watapeleka kwa fundi wao, sawa, lakini uandikiwe kwamba wameipokea, tarehe gani, na itarudi lini. Halafu tuma ujumbe mfupi kwa simu ya duka ukirudia mliyokubaliana. Ukikaa nayo kimya wiki nyingi, sheria ya uuzaji wa bidhaa inaweza kukuhesabu kuwa umeshaikubali.

Na ile sentensi iliyo chini ya risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudi? Isikukatishe tamaa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 nayo inamchukulia muuzaji kama aliyekuhakikishia kwamba bidhaa ina ubora wa kuridhisha. Kubadilisha mawazo ni jambo lingine. Kama umechoka tu na rangi yake, duka halina deni nawe.

Mazungumzo yakigoma kabisa, ipo Mahakama ya Madai Madogo iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, huhitaji wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Ukishuku mashine ni feki, angalia nambari ya kibali chini ya alama ya ubora ya KEBS, uandike SM# na nambari hiyo, utume kwa 20023. Hili ni bora ulifanye ukiwa bado kaunta.

Kuhusu wapi pa kununua, maoni yetu ni haya. Grainda inaweza kuwa nafuu kwa mia tano kule Kirinyaga Road kuliko Ruiru. Lakini hesabu nauli ya kwenda Nairobi kuirudisha, halafu ya kuifuata tena, na siku mbili bila kazi. Ile mia tano haionekani tena.

Ukikubaliwa kurudishiwa pesa, omba itumwe ukiwa hapo hapo dukani, kwenye nambari ile ile uliyolipia. Usitoke na "nitakutumia jioni." Na ikisemekana imetumwa, usiamini ujumbe ulioonyeshwa kwenye simu ya mwingine, angalia salio lako mwenyewe. Kama ulikuwa umelalamika Facebook ukaacha nambari yako, tarajia simu kutoka kwa mtu anayejiita wa huduma kwa wateja, mpole sana, anayetaka PIN ili "akurudishie" pesa. Kata simu hiyo. Duka lililokuuzia linajua ulipo, na sisi hatuna siku tutakayokuuliza PIN.