Mwenzetu anayeshuku kila mutu: ni roho mubaya ao ni ugonjwa?

Bandugu wa migodi, na ninyi wamama munaotungojea ku nyumba, leo tuongee juu ya jambo ambalo tunalificha.

Mwaka mumoja, mwenzetu dereva wa kamyo alikuja ku biro ya sendika mara tano. Kila mara alikuja na kaye. Ndani aliandika majina ya wenzake, siku na saa: nani alicheka wakati yeye anapita, nani aliongea na kapita kwa sauti ndogo. «Banataka kunifukuza ku kazi,» akasema. «Na ninyi wa sendika, mi najua munakula nabo.»

Tulikasirika. Wamoja walisema iko na roho mubaya, wengine wakasema wamemuloga. Kisha bibi yake akatueleza: tangu waoane, bwana anahesabu dakika anazokawia ku soko, na hakuli chakula cha wakwe. Ndipo tukaenda kuuliza munganga wa magonjwa ya akili.

Alitueleza kwamba kuko watu ambao tabia yao yote imeshikwa na kushuku. Waganga wanaita ile paranoya ya tabia. Kitabu cha waganga wa Marekani, DSM-5 cha mwaka 2013, kinahesabu alama 7, na mutu mwenye 4 ao zaidi anaweza kuwa nayo. Anafikiri watu wanamudanganya, bila ushuhuda. Hana hakika na rafiki zake. Haambii mutu siri, akiogopa itamurudilia. Muzaha wa kawaida anauona kama tusi. Hasamehe. Anaona wanachafua jina lake na anajibu mbio kwa hasira. Anashuku bibi ao bwana yake bila sababu. Mambo haya yanaonekana tangu ujana, yanadumu miaka, ku kazi na ku nyumba. Si kusikia sauti za watu wasiokuwepo: ule ni ugonjwa mwingine.

Lakini tuangalie vizuri! Sisi wa migodi tuko na sababu nyingi za kushuku. Muchimbaji anayesema «mizani hii inaiba» hana ugonjwa, kama mizani inaiba kweli. Munganga mwenyewe alisema: kwanza muchunguze kama neno lake ni la kweli. Leteni mizani ingine, pimeni mbele yake. Mutu muzima akiona uzito ni sawa, atatulia. Mwenye ugonjwa atasema mizani ya pili nayo wameiharibu. Kwa hiyo tunakataa mukubwa yeyote amuite mufanyakazi «mugonjwa wa kichwa» juu anadai haki yake. Ile ni kazi ya munganga, si ya kapita.

Tufanye nini na mwenzetu? Tusimucheke, tusinongone mbele yake. Tusikubali uongo ili atulie, wala tusibishane naye siku nzima. Tumwambie wazi: «Mi sioni vile, lakini naona unateswa.» Tukiahidi kitu, tukifanye. Hakuna kidonge cha kuponya tabia ile, lakini kuongea na munganga kwa muda murefu kunaweza kumusaidia. Shida ni kwamba munganga naye anashukiwa, na wengi hawaendi. Pombe inaongeza moto. Na kama anapiga bibi ao anatisha kuua, mulinde kwanza bibi na watoto. Lubumbashi kuko kituo cha Dr Joseph Guislain kinachopokea wagonjwa wa akili.

Chini ya mugodi, maisha ya kila mumoja iko mukononi mwa mwenzake. Ndiyo sababu hatuwezi kumuacha mutu peke yake na mashaka yake.

Dereva wetu bado hajakubali kwenda kwa munganga. Kaye yake iko. Lakini kila mukutano tunamusomea yaliyoandikwa, tunamupa kopi. Sasa, mbele ya kugombana na kapita, anapita kwanza kwetu. Tunamusikiliza.