Mwanao Yuko Angani Bado

Umemsindikiza mwanao kiwanjani Nairobi, aende New York kusoma. Tiketi yasema: kuondoka saa 6 usiku, kufika saa 1 asubuhi. Kumekucha, simu hakuna, nawe umeshikwa na hofu. Tulia, tuhesabu pamoja.

Kati ya miji hiyo ni karibu kilometa 11,800. Ndege kubwa huenda kama kilometa 900 kwa saa, hivyo ungedhani muda wa saa 13 watosha. Lakini huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi, nao humpinga aendaye Marekani na kumsukuma arudiye. Kenya Airways ilipoanza safari hiyo bila kutua njiani, Oktoba 2018, ilipanga saa 15 za kwenda na 14 za kurudi. Njia ni ile ile. Upepo ndio uletao tofauti.

Tena, ile saa 1 ya tiketi ni ya New York. Wakati wa baridi saa zao ziko nyuma yetu kwa saa 8. Kwako itakuwa saa 9 alasiri.

Basi nenda kazini kwako kwa amani. Simu ingojee jioni.